Pembe Iliyopungua: Historia ya Mlinganyo wa Kipeo cha Pili

Mlinganyo wa kipeo cha pili, ambao walimu wengi huuita wa kwadratiki, ni ule ambao namba inayotafutwa imezidishwa kwa yenyewe. Kwa herufi huandikwa ax² + bx + c = 0, na mwanafunzi hufundishwa kuufumbua kwa kutafuta vigawo, kwa kukamilisha mraba, au kwa kanuni anayoikariri usiku wa kuamkia mtihani. Mavazi hayo ya herufi ni mapya, yana karne nne hivi. Swali lenyewe lina umri wa miaka karibu 4,000, na sehemu kubwa ya umri huo limeishi bila herufi wala alama. Lilikuwa swali la umbo: mraba umeunganishwa na kipande kingine, ukubwa wa vyote viwili kwa pamoja unajulikana, na kinachotakiwa ni urefu wa upande wa mraba.

Ushahidi wa zamani zaidi umo kwenye vibao vya udongo vya Wababeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Kimojawapo, kilichohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Uingereza mjini London kwa namba BM 13901, kiliandikwa kati ya mwaka 2000 na 1600 KK. Kina maswali 24, yote yakihusu miraba. Swali la kwanza linasema kwamba eneo la mraba limejumlishwa na upande wake, na jumla ni robo tatu. Wababeli walihesabu kwa sitini, desturi ambayo bado inaishi kwenye uso wa saa, kwa hiyo robo tatu waliiandika 45, kama vile robo tatu ya saa ilivyo dakika 45.

Baada ya swali inafuata njia, hatua kwa hatua, bila kueleza sababu. Chukua 1. Ivunje katikati, upate nusu. Zidisha nusu kwa nusu, upate robo. Ongeza robo kwenye robo tatu, upate 1. Kipeuo cha pili cha 1 ni 1. Ondoa ile nusu uliyoizidisha, inabaki nusu, nayo ndiyo upande. Ukipima jibu unaona halina kasoro: mraba wenye upande wa nusu una eneo la robo, na robo ikijumlishwa na nusu ni robo tatu. Swali la pili linageuza jumla kuwa tofauti: eneo likiondolewa upande linabaki 870. Hatua ni zilezile. Nusu ya 1 inazidishwa kwa yenyewe, robo inaongezwa kwenye 870, kipeuo cha pili cha 870¼ ni 29½, na safari hii nusu inarudishwa badala ya kuondolewa. Upande ni 30.

Wataalamu waliovisoma vibao hivi katika miaka ya 1930, akina Otto Neugebauer na François Thureau-Dangin, waliona ndani yake aljebra ya namba tupu. Ilionekana kama Wababeli walikuwa na kanuni yetu mkononi, ila hawakuwa na herufi za kuiandikia. Kuanzia miaka ya 1980 Jens Høyrup, mwanahistoria wa Denmark, aliyatazama maneno kwa makini zaidi na kukuta jambo ambalo tafsiri za awali zilikuwa zimelifunika. Karani wa Babeli hakuwa na neno moja la kujumlisha. Alikuwa na mawili, yenye matumizi tofauti. Kuzidisha nako kulikuwa na maneno kadhaa. Nusu haikupatikana kwa kugawanya kwa mbili, ilipatikana kwa kuvunja. Kipande hakikutolewa, kiling'olewa. Hayo ni maneno ya mtu anayeshika kitu, anayekata na kuhamisha.

Kwa usomaji huo, swali la kwanza linageuka kuwa kazi ya kukata kiwanja. Upande wa mraba ni mstari, na mstari hauwezi kujumlishwa na eneo, kwa hiyo unapewa upana wa 1 na kuwa ukanda uliobandikwa ubavuni mwa mraba. Ukanda huo unakatwa kwa urefu wake katika vipande viwili vyenye upana wa nusu. Kimoja kinabaki mahali pake, cha pili kinahamishiwa upande wa chini. Sasa umbo lote ni mraba mkubwa zaidi, ila una pengo kwenye pembe moja. Pengo hilo ni mraba mdogo wa nusu kwa nusu, yaani robo. Lijaze, na mraba mkubwa unakamilika ukiwa na eneo la 1. Upande wake ni 1, na ukiondoa nusu iliyoongezwa unaupata upande wa mraba wa awali. Kujaza pembe hiyo iliyopungua ndiyo siri yote ya milinganyo ya kipeo cha pili, na karibu kila jambo lililofuata ni njia nyingine ya kuiona, kuithibitisha au kuificha.

Haifai kudhani kwamba hesabu hizi zilitokana na shida za shambani. Mpima ardhi halisi hakutani na mtu anayelijua eneo la shamba lililochanganywa na urefu wa ubavu wake huku hajui lolote kati ya hayo mawili. Maswali haya yalikuwa ya shule ya makarani, na kazi yake ilikuwa kumtofautisha aliyebobea na aliyejua kuhesabu magunia ya shayiri tu. Katika hilo mitihani haijabadilika sana.

Misri ya kale nayo iliacha mfano kwenye mafunjo yaliyohifadhiwa Berlin. Miraba miwili ina jumla ya eneo la 100, na upande wa mmoja ni robo tatu ya upande wa mwingine. Mwandishi anakisia kwanza kwamba pande ni 1 na ¾. Jumla ya miraba yake ni 1 na 9/16, ambayo kipeuo chake cha pili ni 1¼, ilhali kipeuo cha 100 ni 10; kwa hiyo kisio linakuzwa mara 8, na pande zinakuwa 8 na 6. Ni hesabu safi, lakini haina ukanda wa pembeni, na pasipo ukanda hakuna pembe ya kujaza.

Wagiriki walilichukua umbo wakaziacha namba. Kitabu cha pili cha Misingi, kazi ya Euclid wa Aleksandria ya mwaka 300 KK hivi, kinathibitisha kwa mistari na miraba kauli zinazolingana na hatua za Wababeli, bila kutaja hata namba moja. Miaka mia tano na zaidi baadaye, katika mji huohuo, Diophantus alizirudia namba na kutumia vifupisho vya maandishi kwa kisichojulikana na vipeo vyake. Alifumbua milinganyo ya kipeo cha pili kwa ustadi, ila jibu hasi hakulipokea. Mlinganyo ambao ungetoa −4 aliuita usio na maana.

Wachina walikuwa na njia yao. Sura ya 9 ya kitabu chao cha Sura Tisa za Hesabu, kilichokamilika enzi za ukoo wa Han, ina swali kuhusu mji wa mraba uliozungushiwa ukuta. Nje ya lango la kaskazini, hatua 20 kutoka langoni, pana mti. Mtu anatoka kwa lango la kusini, anatembea hatua 14, kisha anageuka magharibi na kutembea hatua 1,775 ndipo anauona ule mti. Pembetatu zinazofanana zinaleta mlinganyo ambao kwa herufi za leo ni x² + 34x = 71,000. Jibu ni 250, ambalo Wachina walilipata tarakimu kwa tarakimu, kwa vijiti vya kuhesabia vilivyopangwa juu ya ubao, kama mtu anayetafuta kipeuo cha pili kwa mkono.

India ndiko namba hasi ilikopata haki ya kukaa kwenye hesabu. Mwaka 628 Brahmagupta, mwanafalaki wa mji wa Bhillamala katika eneo la Rajasthan ya leo, akiwa na umri wa miaka 30, aliandika kitabu cha falaki chenye sura za hesabu ndani yake. Namba chanya aliziita utajiri, namba hasi aliziita madeni, akaweka sheria za kujumlisha, kutoa na kuzidisha makundi hayo mawili pamoja na sifuri: deni likizidishwa kwa deni huzaa utajiri. Katika kitabu hicho imo kanuni ya kufumbua mlinganyo wa kipeo cha pili iliyoelezwa kwa maneno, na ukiiandika kwa herufi unapata karibu ileile iliyo ukutani mwa darasa, ila inatoa jibu moja tu.

Bhaskara wa pili, aliyeandika mwaka 1150, alisema wazi kwamba namba chanya ina vipeuo viwili vya pili, kimoja chanya na kimoja hasi, na kwamba namba hasi haina kipeuo. Maswali yake yana ucheshi. Katika moja, sehemu ya nane ya kundi la nyani, ikizidishwa kwa yenyewe, inacheza msituni, na wengine 12 wanapiga kelele juu ya kilima. Kundi lina nyani wangapi? Majibu ni mawili, 48 na 16, na yote yanakubalika. Katika swali jingine, sehemu ya tano ya kundi inapunguzwa nyani watatu, kisha inazidishwa kwa yenyewe, na hao wameingia pangoni. Mmoja tu anaonekana nje. Hesabu inatoa 50 na 5. Bhaskara anaikataa 5, kwa kuwa sehemu ya tano ya 5 ni nyani mmoja, na kutoka kwa mmoja huwezi kupunguza watatu. Aliijua hesabu ya namba hasi vizuri kabisa, lakini nyani hasi hakuwa tayari kumhesabu. Nchini Brazili kanuni ya milinganyo hii huitwa kwa jina la Bhaskara hadi leo, heshima ambayo kwa haki ingepaswa kugawanywa kwa wengi.

Sura iliyoipa aljebra jina lake iliandikwa Baghdad, wakati wa khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alikuwa miongoni mwa wanazuoni wa Nyumba ya Hekima, na kitabu chake kinaitwa kwa Kiarabu al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wa-l-muqabala. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi sana hapo: kitabu, muhtasari, hesabu na mkabala yote yapo mdomoni mwake tayari. Neno pekee lililo geni kidogo ni al-jabr, na hata hilo lina ndugu yake pwani, kwani jabari ni la mzizi huohuo.

Ndani ya kitabu ujirani huo wa maneno unazidi. Al-Khwarizmi anatambua aina tatu za namba. Kwanza ni namba ya kawaida, anayoipima kwa dirham. Pili ni jidhr, yaani mzizi, ndiyo kisichojulikana. Tatu ni mzizi ukizidishwa kwa wenyewe, na hiyo anaiita mal, neno lilelile la mali. Kwa hiyo pale ambapo mwanafunzi wa leo anasoma x², msomaji wa Baghdad alisoma mali. Na pale penye 10x, alisoma mizizi kumi. Kitabu chote hakina alama hata moja. Hata namba zimeandikwa kwa maneno.

Al-jabr na al-muqabala ni kazi mbili za kutengeneza mlinganyo kabla ya kuufumbua. Mfano wake mwenyewe unatosha kuonyesha ya kwanza. Kumi imegawanywa sehemu mbili, na sehemu moja ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na mara nne ya zao la sehemu hizo mbili. Hesabu inafikia mahali ambapo mali moja ni sawa na mizizi 40 kasoro mali 4. Upande wa pili una upungufu, kama mfupa uliovunjika. Al-jabr ni kuuunga: mali 4 zinarudishwa, na kwa kuwa zimeongezwa upande mmoja lazima ziongezwe upande wa pili pia. Sasa mali 5 ni sawa na mizizi 40, na mzizi ni 8. Al-muqabala ni kuweka vitu vya aina moja mkabala na kuvifuta: kukiwa na dirham 50 upande huu na 29 upande ule, zinabaki 21 upande mmoja. Maana ya kuunga mifupa haikupotea upesi. Huko Uhispania algebrista alikuwa mtu wa kuunga mifupa, na Cervantes anamtaja mmoja katika Don Quijote, akimganga mtu aliyeanguka kutoka kwenye farasi.

Baada ya matengenezo, kila mlinganyo unaangukia moja ya aina sita. Mali ni sawa na mizizi. Mali ni sawa na namba. Mizizi ni sawa na namba. Hizo tatu ni nyepesi. Nyingine tatu zina sehemu zote: mali na mizizi ni sawa na namba, mali na namba ni sawa na mizizi, mizizi na namba ni sawa na mali. Mtu wa leo huona mlinganyo mmoja mahali ambapo al-Khwarizmi aliona sita, kwa sababu mtu wa leo ana namba hasi na anaweza kuhamisha kila kitu upande mmoja. Kwa al-Khwarizmi kila kilichoandikwa kilikuwa kiasi cha kitu kilichopo, na kuandika kwamba vitu kadhaa ni sawa na sifuri kungekuwa kusema kwamba utajiri wote umetoweka.

Mfano uliovuma kuliko yote ni wa aina ya nne: mali na mizizi 10 ni sawa na dirham 39. Maelekezo ni mafupi. Gawa mizizi nusu kwa nusu, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, ni 25. Iongeze kwenye 39, ni 64. Kipeuo chake ni 8. Toa 5, inabaki 3, ndio mzizi, na mali ni 9. Karani wa Babeli angezitambua hatua hizo mara moja. Jipya ni kinachofuata, kwani al-Khwarizmi anaeleza kwa nini njia hiyo ni ya kweli, na anachora. Mraba ni mali. Mizizi 10 inagawanywa katika kanda nne, kila moja na upana wa 2½, zinazobandikwa kwenye pande nne za mraba. Umbo lote ni 39, na pembe nne zimepungua. Kila pembe ni 2½ kwa 2½, yaani 6¼, na zote nne ni 25. Mraba uliokamilika ni 64. Kisha anatoa mchoro wa pili wenye kanda mbili tu za upana wa 5 na pembe moja ya 25, ambao ndio mchoro wa Wababeli, uliopita karne zaidi ya ishirini na tano kwa njia ambazo hazikuandikwa.

Aina ya tano ina ladha yake. Mali na dirham 21 ni sawa na mizizi 10. Nusu ya mizizi ni 5, ikizidishwa kwa yenyewe ni 25, ukitoa 21 inabaki 4, na kipeuo ni 2. Ukitoa 2 kwenye 5 unapata 3. Ukiongeza unapata 7. Yote mawili ni majibu sahihi, na al-Khwarizmi anayapokea yote. Anaonya pia kwamba zao la nusu likiwa dogo kuliko namba, swali haliwezekani, na likiwa sawa nayo, mzizi ni ile nusu yenyewe. Hilo ndilo jaribio ambalo vitabu vya leo hulifanya kwa b² − 4ac.

Katika dibaji anasema kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mambo ambayo watu huyahitaji: mirathi, wasia, kugawana, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Karibu nusu ya kitabu ni maswali ya wasia. Mtu amefariki ameacha watoto na deni, na amemwachia mgeni sehemu fulani ya mali. Kila mrithi atapata kiasi gani? Maswali ya namna hiyo yalijulikana sana kwenye miji ya Waislamu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako elimu ya faradhi iliingia pamoja na sheria ya dini, na ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili kuwa na nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumuni kwa sehemu za urithi. Ila kuna kichekesho kidogo hapa. Maswali ya wasia ya al-Khwarizmi yote ni ya kipeo cha kwanza. Hakuna mrithi aliyehitaji kukamilisha mraba ili apate haki yake. Aina tatu ngumu zilizokipa kitabu sifa duniani zinatumika zaidi kwenye mafumbo ya kuigawa kumi sehemu mbili, yaani, kama Babeli, kwa ajili ya kuinoa akili.

Waliomfuata walitengeneza pale alipoacha. Thabit ibn Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901, aliiegemeza michoro yake kwenye hoja za Euclid ili isibaki ushahidi wa macho tu. Abu Kamil wa Misri aliingiza vipeuo visivyoishia, akivizidisha na kuvigawanya kama namba nyingine yoyote. Omar Khayyam aliendelea mbele hadi kipeo cha tatu, akitumia mikato ya pia.

Ulaya iliipokea elimu hii kwa Kilatini. Mwaka 1145 Robert wa Chester, Mwingereza aliyefanya kazi Segovia, alikitafsiri kitabu cha al-Khwarizmi. Gerard wa Cremona akakitafsiri tena Toledo katika karne hiyohiyo. Wafasiri walikuwa waaminifu kwa maana. Jidhr ikawa radix, mzizi, na mal ikawa census, neno la Kirumi la mali iliyohesabiwa na kuandikishwa. Al-jabr hawakuitafsiri, wakaiacha ilivyo, na jina la mwandishi likaharibika kuwa Algoritmi. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, alijifunza hesabu akiwa kijana huko Bejaia, Algeria, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa forodha. Kitabu chake cha 1202 kilizileta aina sita kwa wafanyabiashara wa Italia, pamoja na maswali mengi ya Abu Kamil.

Kwa karne nne hivi baada ya hapo mabadiliko yalikuwa ya mwandiko. Waitalia walikiita kisichojulikana cosa, yaani kitu, na Wajerumani wakaiita elimu yote Coss. Alama za + na − zilichapishwa Ujerumani mwaka 1489 katika kitabu cha Johannes Widmann. Robert Recorde aliweka mistari miwili sambamba kuwa alama ya usawa mwaka 1557, akiona kwamba hakuna vitu viwili vilivyo sawa zaidi ya hivyo. François Viète mwaka 1591 alitumia irabu kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vinavyojulikana, na hapo kwa mara ya kwanza ikawezekana kuandika kanuni ya milinganyo yote badala ya mfano wa mmoja. René Descartes, mwaka 1637, akachagua x, y na z kwa visivyojulikana na a, b, c kwa vinavyojulikana, na desturi yake ndiyo iliyoshinda.

Ukichukua x² + bx = c na kuifumbua kwa herufi hizo, jibu lina kipeuo cha pili cha b²/4 + c. Ile b²/4 ni nusu ya ukanda ikizidishwa kwa yenyewe. Ni pembe iliyopungua, ila mwanafunzi anayeikariri haoni tena pembe, anaona herufi.

Namba hasi ndizo zilizochelewesha kuunganishwa kwa aina sita kuwa moja. Michael Stifel mwaka 1544 alizikunja zote katika kanuni moja kwa kuruhusu kizigeu, yaani namba inayozidisha kisichojulikana, kiwe hasi, huku yeye mwenyewe akiziita namba hizo za upuuzi. Mwaka uliofuata Girolamo Cardano, tabibu wa Milano, alichapisha kitabu kilichojaribu kitu kigumu zaidi. Igawe 10 sehemu mbili ambazo zao lake ni 40. Nusu ya 10 ni 5, ikizidishwa kwa yenyewe ni 25, na 25 ukitoa 40 ni −15. Al-Khwarizmi angesimama hapo na kusema haiwezekani. Cardano aliendelea: sehemu ni 5 + √−15 na 5 − √−15, na ukizizidisha kwa taratibu za kawaida unapata 25 + 15, yaani 40. Aliona ni ujanja usio na faida. Rafael Bombelli, mwaka 1572, aliziwekea sheria kamili namba za aina hiyo. Descartes akaziita za kufikirika tu. Na Carl Friedrich Gauss, mwaka 1831, alieleza namna ya kuziweka juu ya bapa, kila moja na nukta yake. Tangu hapo kila mlinganyo wa kipeo cha pili una jibu.

Njia ya vigawo, ambayo shuleni hutangulia nyingine kwa kuwa ni rahisi, ndiyo iliyozaliwa mwisho. Inahitaji kila kitu kiwe upande mmoja na sifuri iwe upande wa pili, na hilo halikuwa na maana yoyote kwa watu waliofikiri kwa viwanja na mali. Thomas Harriot, Mwingereza aliyefariki mwaka 1621, ndiye aliyeifanyia kazi kwa upana. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Hoja yake ni kwamba zao la vitu viwili likiwa sifuri, lazima kimoja kiwe sifuri. Nchini Tanzania mwanafunzi hukutana na hoja hiyo sekondari, kwa Kiingereza, baada ya miaka ya shule ya msingi ya hisabati kwa Kiswahili. Akipewa mali na mizizi 10 iliyo sawa na 39, ataandika x² + 10x − 39 = 0, atatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −39 na jumla yake ni 10, na atapata 13 na −3. Mlinganyo unakuwa (x + 13)(x − 3) = 0, na majibu ni 3 na −13. La kwanza ndilo la Baghdad. La pili al-Khwarizmi hakuliandika, kwa kuwa kwenye mchoro wake hakuna mraba wenye upande wa −13.